Simu Ikikatwa, Kazi Iendelee

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Test zilibana, boom nalo likachelewa, mnajua wenyewe hali inavyokuwa. Leo siandiki kuhusu foleni ya kantini wala baridi ya Gangilonga. Leo ni somo la historia, ila si ile ya Mkwawa na Kalenga ambayo kila mgeni wa Iringa hupelekwa kuiona. Ni historia ya jambo dogo linaloliza watu: kwa nini programu uliyoianzisha kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri hufa pale unapolifunga dirisha, na watu walifanya nini ili isife.

Anayelizwa kwa sasa ni mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, nimwite Bwana Mradi. Amepiga picha kurasa zaidi ya elfu moja za vitabu vya kiada vya zamani vya Kiswahili, na anataka kompyuta isome herufi zote ili aweze kutafuta maneno ndani yake. Laptopu yake imechoka, kwa hiyo mhadhiri mmoja amemwombea nafasi kwenye seva iliyoko Dar. Jioni anaingia kwa mtandao kutoka hosteli, anaandika amri, kazi inaanza. Saa tano usiku mtandao wa simu unakatika dakika mbili tu. Ukirudi, kazi ya saa sita imeyeyuka. Imetokea mara tatu. Tarehe ya kukabidhi mradi iko pale pale, na asipokabidhi havai joho na wenzake.

"Mwalimu, huu ndio mtandao wa Bongo," aliniambia (sisi wa ualimu tunaitana mwalimu hata kabla ya kushika chaki). Nikamwambia mtandao una makosa yake, lakini haukuiua kazi yako. Kazi yako imeuawa na uamuzi uliofanywa Marekani kabla wazazi wetu hawajaoana. Akacheka, ila nilikuwa simtanii.

Tuanzie nyumbani. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza. Mashine za enzi zile zilikuwa na usumbufu mwingi, lakini tatizo la Bwana Mradi hazikuwa nalo kabisa. Kwa kawaida kazi ilitobolewa kwenye kadi au utepe wa karatasi, ikakabidhiwa kwa mwendesha mashine, naye akaipanga kwenye foleni. Mwenye kazi anaondoka zake. Akanywe chai, akalale, arudi kesho kuchukua karatasi za majibu. Kazi na mwenye kazi walikuwa wameagana mapema, wala hakukuwa na dirisha la kufunga. Ubaya wake ni kwamba ukikosea koma moja, unaambiwa kesho yake.

Halafu mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kwa hiyo mabadiliko makubwa yaliyokuwa yakiendelea nje, Watanzania wengi waliyasikia kwa mbali.

Mabadiliko yenyewe ni haya. Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT walionyesha mfumo uitwao CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mashine inamhudumia huyu kidogo, inamrukia yule kidogo, kwa kasi ambayo kila mmoja anadhani ni yake peke yake. Mwaka 1969, kwenye maabara za Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kutengeneza Unix. Hiyo ndiyo mama wa mawazo yote yaliyomo kwenye Linux aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, na Linux ndiyo inayoendesha seva nyingi za leo, pamoja na hiyo ya Bwana Mradi.

Sasa, terminali ya wakati ule haikuwa dirisha kwenye kioo. Ilikuwa teleprinta, kwa mfano ile maarufu ya Teletype Model 33, chuma kizito chenye vibonye na karatasi, kinachogonga herufi 10 kwa sekunde kwa kelele ya cherehani tatu. Ukiwa jengo moja na kompyuta unaunganishwa kwa waya. Ukiwa mbali unapiga simu. Ndiyo, simu ya kawaida ya mezani. Modemu inageuza herufi kuwa milio, milio inapita kwenye waya wa simu, upande wa pili modemu nyingine inaigeuza kuwa herufi tena.

Na ukimaliza? Unakata simu. Mlio wa modemu ukipotea, kompyuta inajua mtu ameondoka. Hapo kiini cha Unix kinapeleka ishara kwa upande wa mtu huyo: simu imekatwa. Ishara hiyo inaitwa SIGHUP, na herufi HUP zimetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo hiyo ya kukata simu. Kwenye orodha ya ishara za Unix ni namba 1. Programu ikiipata, kama haikupewa maelekezo mengine, inakufa palepale.

Msiwalaumu haraka. Walikuwa na sababu. Kwanza, mashine ilikuwa moja na kumbukumbu yake ndogo, kwa hiyo programu isiyo na mwenyewe ilikuwa inakula sahani ya wengine. Pili, na hii ndiyo nzito zaidi, laini ya simu ilitumiwa na watu tofauti kwa zamu. Wewe simu yako imekatika katikati ya kazi, dakika tano baadaye mtu mwingine anapiga na kuangukia laini ile ile. Kama kazi yako bado imeshikilia laini, mgeni anajikuta yuko ndani ya faili zako kwa jina lako. Kuua kila kitu simu inapokatika ilikuwa ni kufunga mlango nyuma ya mtu aliyetoka bila kuaga.

Lakini hata wao wenyewe walikuwa na kazi ndefu, na simu zao zilikuwa zinakatika. Ndiyo maana katika miaka ile ile ya 1970 Unix ikapata amri ndogo iitwayo nohup, yaani "bila kukatwa". Bado ipo hadi leo, na inaandikwa hivi:

nohup python3 soma.py &

Inachofanya ni kitu kimoja tu. Inaiziba programu masikio isisikie ishara namba 1, halafu inaiacha iende. Maneno ambayo yangeandikwa kwenye terminali yanaingizwa kwenye faili liitwalo nohup.out. Ile alama ya & mwishoni inasema kazi ifanyike pembeni, nirudishiwe nafasi ya kuandika amri nyingine. Vitu hivi viwili watu huvichanganya sana. Alama ya & inaisogeza kazi pembeni, haiizibi masikio.

Kasoro ya nohup ni kwamba ukishaondoka, mmeachana. Unaweza kusoma faili lake na unaweza kuiua, lakini huwezi kurudi kuongea nayo. Ikikuuliza swali, hakuna wa kujibu.

Njia ya pili ni ya programu ambazo tangu zinapozaliwa hazitaki kuwa na terminali. Wataalamu wa MIT walizipa jina mwaka 1963 kwenye kompyuta ya IBM 7094, wakachukua neno la Kigiriki la pepo anayefanya kazi bila kuonekana. Wenye imani zenu msishtuke, walikuwa wanamkumbuka yule pepo wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, anayepanga chembechembe za hewa mlangoni. Programu ya namna hii inajitenga makusudi: inazaa mtoto, mzazi anakufa, mtoto anaanzisha ukoo wake ambao hauna terminali. Simu ya nani itakatwa wakati hana simu? Programu zinazopokea barua pepe na zinazopanga foleni ya printa ziko hivyo. Ila si kila mtu anaweza kuandika pepo wake kwa ajili ya kazi ya usiku mmoja.

Njia iliyonifurahisha zaidi ilitoka Berlin Magharibi. Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann wa chuo kikuu cha ufundi cha pale walitoa programu iitwayo screen. Wazo lao ni jepesi ukishaelezwa. Badala ya kuiziba programu masikio, ipe terminali ya kuigiza ambayo haikatwi kamwe. Screen inakaa kwenye seva, inaishikilia hiyo terminali, na wewe unakuja kuitazama tu. Ukiondoka, programu haijui kama umeondoka, kwa sababu kwa upande wake simu bado iko hewani. Kesho unaingia kutoka kompyuta nyingine kabisa, unaandika screen -r, unakuta kila kitu kilivyo, hadi herufi ya mwisho. Mwaka 2007 Nicholas Marriott akaanza tmux, inayofanya kazi ile ile kwa mpangilio mpya, na sasa ndiyo wengi wanaipenda.

Tukirudi huku kwetu, ndipo hadithi inapokuwa tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika, baadhi ya vyuo, hospitali na mashirika ya Dar, Nairobi na Kampala walituma barua pepe kwa FidoNet, mtandao alioubuni Tom Jennings kule Marekani mwaka 1984. Kompyuta haikukaa hewani. Barua zilikusanywa mchana kutwa, kisha kwa wakati uliopangwa, mara nyingi usiku, mashine inapiga simu, inasukuma furushi, inapokea furushi, inakata. Ukifikiri vizuri, hiyo ni busara ya kadi za mwaka 1965 imerudi: kabidhi kazi, ondoka. Watu walioishi na laini mbovu na ghali walijua kwamba kazi isitegemee simu kukaa hewani.

Ikaja setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano inayoonekana imesimama angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara inapanda na kushuka, jibu nalo linapanda na kushuka, karibu nusu sekunde inakwenda kwa kila herufi unayobonyeza. Wataalamu wetu wa mitandao waliosimamia seva za mbali miaka hiyo hawakuhitaji mhadhara wa kuwaeleza faida ya screen. Tangu mwaka 2000 walikuwa wanakutana na wenzao wa Afrika katika mafunzo ya AfNOG, ambayo yalifanyika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, wakishika Unix kwa mikono.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukaanza kazi pwani yetu, mwaka uliofuata EASSy, na Mkongo wa Taifa ukapanda hadi mikoa ya huku juu. Watu wakasema sasa basi, laini imepona. Imepona kweli, ila laini ni laini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini, SEACOM na EASSy, ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku ile hata mwenye fedha ya bando alikaa anatazama duara linazunguka.

Hapa ndipo nilipotaka Bwana Mradi anielewe. Leo hakuna teleprinta wala modemu ya milio. Anaingia kwenye seva kwa SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen wa Helsinki mwaka 1995 baada ya wezi wa nywila kuuvamia mtandao wa chuo chake. Lakini SSH inapomfungulia mlango, seva inamtengenezea terminali ya kuigiza, na muunganisho ukifa, terminali hiyo inafungwa na kiini kinatangaza yale yale ya miaka ya 1970: simu imekatwa. Ganda linalopokea amri zake, kwa mfano bash, likisikia hivyo linaitangazia kila kazi iliyo chini yake, kisha linakufa. Waya umekuwa mwanga, simu imekuwa mtandao, ila ishara ni ile ile namba 1.

Kuna mtego mmoja wa kuwaonya. Ukiondoka kwa heshima, ukaandika exit, mara nyingi bash haiziui kazi za pembeni. Ukikatikiwa na mtandao, au ukilifunga dirisha ghafla, inazipelekea ishara. Ndiyo maana mtu anajaribu mara moja kwa exit, anaona kazi imebaki, anajitapa kwamba & inatosha, halafu siku ya shida anabaki mikono mitupu. Ukitaka kujaribu, jaribu kwa kukata mtandao kabisa, kisha urudi uone.

Na ule ubishi wa nani ana haki ya kuacha kazi nyuma haujaisha. Mwaka 2016 waliotengeneza systemd, mfumo unaosimamia programu kwenye Linux nyingi, walitoa toleo la 230 ambalo kwa mpangilio wake wa kuanzia liliua kila kitu cha mtumiaji anapotoka, hata screen na tmux. Watu waliwaka. Wenye mfumo walisema mtu akitoka ametoka, programu zisizo na mwenyewe ni uchafu na ni hatari. Watumiaji wakajibu kwamba sisi hatujazisahau, tumeziacha makusudi. Wasambazaji wengi wa Linux waliuzima mpangilio huo. Ni mjadala wa Bell Labs kabisa, miaka zaidi ya 40 baadaye.

Basi Bwana Mradi akatumia tmux. Usiku wa kwanza mtandao ulikatika mara mbili, kazi ikaendelea kama haimjui. Asubuhi saa mbili umeme ukakatika kwenye jengo lenye seva, kila kitu kikazimika. Na hapa hakuna nohup, screen wala pepo wa kukusaidia. Vyote hivyo vinakulinda na kukatika kwa simu, havikulindi na kukatika kwa umeme. Sisi tunaoishi jirani na bwawa la Mtera, tuliosimuliwa mgao wa mwaka 2006 maji yalipopungua, tunapaswa kulijua hilo kuliko watu wa Berlin.

Dawa yake iko ndani ya programu yenyewe. Ya kwake ilikuwa inasoma kurasa zote kwanza, kisha inaandika majibu yote mwishoni kwa mkupuo. Tulikaa naye mchana mmoja tukaibadilisha: kila ukurasa ukisomwa unaandikwa faili lake hapo hapo, na programu ikianzishwa upya inaruka kurasa zilizokwishafanywa. Umeme ulipokatika tena Alhamisi alipoteza ukurasa mmoja. Jumapili alikuwa na kurasa zote, sasa anasahihisha pale mashine iliposoma "rn" ikadhani ni "m".

Ninachokiona katika historia hii ni kwamba kila kizazi kilidhani laini imara iko njiani, na kila kizazi kazi iliokolewa na yule aliyepanga kana kwamba laini itakatika. Kusubiri mtandao mzuri ndipo ufanye kazi kubwa ni kusubiri kitu ambacho hata waliobuni Unix hawakuwa nacho. Walioko vyuo vyenye mtandao wa kasi wanaweza kuishi bila kujua nohup ni nini. Sisi hatuwezi, na sioni kama ni jambo la kuonea aibu.

Muhula ujao naenda TP, na nikipangiwa kipindi cha kompyuta sitaanza na ufafanuzi wa ubaoni. Nitawauliza kidato cha pili: mama akikutuma sokoni Miomboni, halafu simu ikakatika kabla hajamaliza kuongea, unarudi nyumbani mikono mitupu au unaendelea na uliyoyasikia? Watabishana, nawajua. Wakishabishana vya kutosha nitawaambia kwamba kompyuta nayo iliulizwa swali hilo hilo, ikafundishwa kurudi mikono mitupu, na kwamba wao wanaweza kuifundisha vingine kwa neno moja.

Mwenye njia nyingine anayoitumia aniambie tukikutana, hasa nyie wa kozi za kompyuta mnaokaa kimya kama hamsomi. Usiku mwema wadau, na mvae masweta.